Jinsi ya Kufuatilia Neno la Kiebrania Kabla ya Kulifasiri Andiko

Mithali 29:18 ni miongoni mwa mistari inayotajwa sana katika semina za viongozi wa makanisa, na siku hizi hata katika mafunzo ya biashara: “Pasipo maono, watu huacha kujizuia.” Mara nyingi mzungumzaji akishausoma huendelea moja kwa moja kueleza umuhimu wa kujiwekea malengo ya miaka mitano au kumi, na wasikilizaji huandika neno “maono” wakiwa na maana hiyo vichwani. Wapo wanaousema kwa namna nyingine, kwamba pasipo maono watu huangamia, jambo ambalo asili yake ni tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611. Nusu ya pili ya mstari, inayosema “Bali ana heri mtu yule aishikaye sheria,” mara nyingi haisomwi kabisa.

Mwongozo huu unaeleza namna msomaji asiyejua Kiebrania anavyoweza kulichunguza neno la aina hiyo mwenyewe, kwa uangalifu, bila kutegemea mtu mwingine amwambie “kwa Kiebrania maana yake ni hivi.” Nitaanza na mstari huo kwa sababu unapitia karibu kila hatua inayohitajika.

Kulipata neno lenyewe

Hatua ya kwanza haihitaji Kiebrania hata kidogo. Chukua tafsiri mbili au tatu za Kiswahili, kwa mfano ile ya Muungano ya mwaka 1952 na Biblia Habari Njema, usome mstari wako pamoja na sura nzima iliyouzunguka, kisha uweke alama pale zinapotofautiana. Watafsiri wakitumia maneno yanayokaribiana sana, kwa kawaida hakuna ugumu mkubwa pale. Wakiachana waziwazi, hapo ndipo penye neno linalostahili kufuatiliwa.

Baada ya hapo unahitaji namba. Mwaka 1890 Mmarekani James Strong alichapisha faharasa ya maneno ya Biblia ambamo kila neno la Kiebrania na la Kiaramu lilipewa namba yake, kuanzia 1 hadi 8674, na namba hizo ndizo zinazotumika mpaka leo katika tovuti na programu nyingi za Biblia zisizo na malipo. Tafuta ukurasa unaoonyesha matini ya Kiebrania ya mstari wako huku kila neno likiwa na namba yake. Maelezo mengi yatakuwa kwa Kiingereza, lakini usikatishwe tamaa na hilo, kwa maana kitu cha thamani kuliko vyote katika ukurasa huo ni orodha ya mistari mingine yote yenye neno lilelile. Orodha hiyo unaweza kuisoma katika Biblia yako ya Kiswahili, mstari baada ya mstari.

Kuna mambo mawili yanayowapotezea wengi muda hapa. La kwanza ni kwamba hesabu ya mistari ya Kiebrania haiendi sawa na ya Kiswahili kila mahali: kichwa cha Zaburi ya 51 huhesabiwa kuwa mistari miwili, hivyo mstari wetu wa kwanza kwao ni wa tatu, Yoeli 2:28 kwao ni 3:1, na Yona 1:17 ni 2:1. La pili ni kwamba si Agano la Kale lote lililoandikwa kwa Kiebrania. Danieli kuanzia 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7, sehemu kadhaa za Ezra, na mstari mmoja wa Yeremia, yaani 10:11, ni Kiaramu.

Kulifuata neno katika mistari

Katika Mithali 29:18 neno lililotafsiriwa “maono” ni hazon, namba 2377. Ukiifuata orodha yake utaona kwamba ndilo neno linalofungua kitabu cha Isaya, “Maono ya Isaya mwana wa Amozi,” na ndilo linalotumika mwanzoni mwa Obadia na Nahumu. Katika 1 Samweli 3:1, pale tunapoambiwa kwamba neno la BWANA lilikuwa adimu siku zile na kwamba “hapakuwa na mafunuo dhahiri,” hayo “mafunuo” ni hazon pia. Katika Habakuki 2:2, “Iandike njozi,” hiyo “njozi” nayo ni hazon. Msomaji wa Kiswahili anakutana na maneno matatu tofauti, maono, mafunuo na njozi, na hawezi kujua kwamba nyuma yake kuna neno moja mpaka alifuate kwa namba. Katika mistari yote hiyo, hazon ni jambo ambalo Mungu anamwonyesha nabii. Mtu halitungi, hulipokea.

Sasa tazama kitenzi. “Huacha kujizuia” ni tafsiri nzuri ya kitenzi para, namba 6544, ambacho kinahusu kulegeza au kuachilia kitu kilichofungwa. Kinatumika katika Mambo ya Walawi 10:6 kuhusu nywele zinazoachwa bila kufungwa, na kinatumika tena katika Kutoka 32:25, wakati Musa anaposhuka mlimani na kuwakuta watu wameachiliwa na Haruni, wamekosa mtu wa kuwazuia mbele ya ndama wa dhahabu. Mfano huo wa Kutoka una uzito mkubwa kwetu, kwa sababu mwenye kuleta neno la Mungu alikuwa hayupo kambini, na matokeo yake yakawa hayohayo ambayo Mithali inayasema.

Inabaki nusu ya pili. Ushairi wa Kiebrania hupanga mawazo kwa jozi, mshororo mmoja ukijibu mwingine, na kwa hiyo neno gumu la mshororo wa kwanza mara nyingi hupata mwanga kutoka kwa mwenzake wa pili. Hapa hazon imewekwa sambamba na tora, “sheria.” Ni kweli kwamba katika Mithali tora huweza kuwa mafundisho ya mzazi, kama katika 1:8, “Wala usiiache sheria ya mama yako,” kwa hiyo sidhani kwamba ni lazima kila tora ya kitabu hiki iwe Sheria ya Musa. Hata hivyo ni mafundisho yanayopokelewa na kushikwa. Mstari mzima basi unasema kwamba mahali pasipo na neno la Mungu linalofunuliwa watu hulegea, na heri ni ya yule anayeshika alichofundishwa. Anayetaka kufundisha kuhusu mipango ana mistari mingine katika kitabu hichohicho, kama vile 16:9 na 21:5, inayozungumzia jambo hilo waziwazi.

Anza karibu, kisha uende mbali

Orodha ya neno inaweza kuwa na mistari mitano au mia tano, na si yote yenye uzito sawa. Utaratibu ninaoupendekeza ni kuanza na sura yenyewe, kisha kitabu chenyewe, kisha vitabu vya aina hiyohiyo, ushairi kwa ushairi na sheria kwa sheria, na mwisho kabisa ndipo uende kwingine. Kitabu cha Yona kinaonyesha faida ya utaratibu huo. Neno raa, lenye namba 7451, lina maana pana inayoanzia uovu wa kimaadili hadi msiba au taabu ya kawaida. Yona 1:2 inalitumia kwa uovu wa watu wa Ninawi. 1:7 kwa dhoruba iliyowapata mabaharia. 3:10 kwa njia mbaya walizoziacha na pia kwa maangamizi ambayo Mungu aliyaghairi. Na 4:1 kwa chukizo lililomjaa Yona mwenyewe alipoona mji umesamehewa. Tafsiri zetu, kwa haki kabisa, zinabadilisha maneno kufuatana na muktadha, lakini anayelifuata neno anaona kwamba raa iliyoondoka Ninawi imehamia moyoni mwa nabii. Hilo ni jambo la kufundisha kanisani, na halipatikani katika kamusi yoyote.

Upana huohuo wa neno ndio unaosaidia katika Isaya 45:7, ambapo Mungu anasema anaumba “ubaya.” Katika mstari huo neno limewekwa kinyume cha shalom, yaani amani na usalama wa watu. Kinyume cha usalama ni maafa, kwa hiyo sioni sababu ya kuusoma mstari huo kana kwamba Mungu anatangaza kuwa yeye ndiye mwanzilishi wa dhambi.

Maana moja kwa wakati mmoja

Kosa linaloonekana mara nyingi kuliko mengine ni la kuchukua maana zote zilizoorodheshwa chini ya namba na kuzimwaga zote katika mstari mmoja. Neno nefesh, namba 5315, linafaa kutufundisha tahadhari. Mwanzo 2:7 inasema mtu akawa “nafsi hai,” na mafundisho mengi yamejengwa juu ya maneno hayo kuonyesha kwamba mwanadamu peke yake ndiye mwenye nafsi. Lakini maneno hayohayo mawili, nefesh haya, yanatumika katika Mwanzo 1:20 na 1:24 kwa viumbe vya majini na wanyama wa nchi kavu, ila huko yametafsiriwa kwa kutaja uhai. Katika Walawi 17:11 nefesh ni uhai ulio katika damu. Katika Hesabu 6:6 neno hilo linatumika kwa maiti.

Tazama sasa Zaburi 69:1: “Ee Mungu, uniokoe, maana maji yamefika mpaka nafsini mwangu.” Msomaji makini hujiuliza maji yanafikaje nafsini, na wengine hujibu kwamba ni huzuni ya rohoni. Soma mistari miwili inayofuata. Mwimbaji anazama katika matope, hana pa kusimama, mkondo wa maji unamgharikisha, koo yake imekauka kwa kulia. Picha ni ya mwili wa mtu anayezama, na nefesh katika Kiebrania hutumika pia kwa koo au shingo, kama inavyoonekana katika Isaya 5:14, ambapo kuzimu kunaongeza nefesh yake na kufunua kinywa chake wazi. Maji yamemfika shingoni. Huzuni ipo, ila mshairi ameipitisha katika picha hiyo, na mfasiri anayerukia maana ya kiroho kabla ya kuiona picha anapoteza hofu iliyomo ndani yake. Lakini usiichukue maana ya shingo na kuirudisha katika Mwanzo 2:7. Kila mstari una maana yake, na muktadha ndio unaoichagua.

Wakati mwingine muktadha huweza kuigeuza maana kabisa. Kitenzi cha kubariki, barak, ndicho kilicho nyuma ya maneno ya Ayubu 1:21, “jina la BWANA na libarikiwe,” na ndicho kilicho nyuma ya maneno ya mkewe katika 2:9, “umkufuru Mungu, ukafe.” Waandishi waliona vibaya kuweka neno la laana karibu na jina la Mungu, wakaandika neno la adabu badala yake. Jambo hilo hilo limo katika 1 Wafalme 21:10, katika mashtaka ya uongo dhidi ya Nabothi. Mtu akiitegemea namba peke yake anaweza kufundisha kwamba mke wa Ayubu alimshauri amsifu Mungu kabla ya kufa.

Mzizi na mnyambuliko

Maneno mengi ya Kiebrania yamejengwa juu ya konsonanti tatu, na jambo hilo huwavutia sana wahubiri, ambao hutaka kueleza neno kwa mzizi wake. Mzizi una msaada wake, lakini hauwezi kuushinda mstari. Katika Kutoka 34:29 uso wa Musa uling'aa aliposhuka Sinai. Kitenzi kilichotumika kina uhusiano na keren, “pembe,” na Hieronimo, alipotafsiri kwa Kilatini, aliandika kwamba uso ulikuwa na pembe. Ndiyo maana sanamu ya Musa iliyochongwa na Michelangelo, ambayo iko Roma katika kanisa la San Pietro in Vincoli, ina pembe mbili kichwani. Habari yenyewe inataja ngozi ya uso wake, hofu ya watu kumkaribia, na utaji aliouvaa, na hayo yote yanaelekea kwenye mng'ao.

Kuhusu vitenzi, Mswahili ana faida kubwa ambayo hajaitumia vya kutosha. Tunajua kwamba soma, somea, someka na somesha vina mzizi mmoja na kazi tofauti, na hakuna kati yetu anayemwambia mwenzake kwamba kusoma na kusomesha ni jambo moja. Kiebrania nacho hunyambua vitenzi. Kitenzi lamad, namba 3925, katika umbo lake la msingi ni kujifunza, kama katika Kumbukumbu la Torati 5:1, na katika umbo lingine ni kufundisha, kama katika 4:1. Namba ya Strong haitofautishi maumbo hayo, kwa hiyo kabla ya kuchagua maana angalia ukurasa wako unasema kitenzi kiko katika umbo gani, na usome zaidi mistari yenye umbo hilohilo.

Faida nyingine ni kwamba lugha yetu hutenganisha “wewe” na “ninyi.” Yeremia 29:11, mstari unaobandikwa kwenye kadi za mahafali, kwa Kiebrania unawaambia watu wengi, na Biblia yetu imeutunza wingi huo: “mawazo ninayowawazia ninyi.” Ni waraka kwa wahamishwa wa Babeli ambao mstari wa 10 unawaambia wangoje miaka sabini, na ambao mstari wa 7 unawataka wautafutie shalom mji uliowateka. Vilevile shama, kusikia, halitupi shida yoyote. Tunamwita mtoto anayetii “msikivu,” na tunasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika 1 Samweli 15:22, “kutii ni bora kuliko dhabihu,” neno lililotafsiriwa “kutii” ni shama.

Maneno yanayofanana na yetu

Kwa njia ya Kiarabu, Kiswahili kimepokea maneno mengi ambayo ni ndugu wa maneno ya Kiebrania: nafsi na nefesh, roho na ruah, baraka na beraka, hekima na hokma, malaika na malakh. Undugu huu unasaidia kukumbuka, lakini haufai kuwa ushahidi wa maana. Lehem kwa Kiebrania ni mkate, ilhali lahm ya Kiarabu ni nyama. Din kwa Kiebrania ni hukumu, nasi tunasema dini kwa maana ya ibada na imani. Katika Mwanzo 32:1 malakhim wa Mungu wanakutana na Yakobo, na mistari miwili baadaye Yakobo mwenyewe anawatuma malakhim kwa Esau. Watafsiri wameandika “malaika” pale na “wajumbe” hapa, na wamefanya vema, kwa kuwa neno la Kiebrania linataja kazi ya kutumwa na haliamui kama aliyetumwa ni wa mbinguni au ni mtumishi wa nyumbani.

Kuna na mtego wa neno la Kiswahili lenyewe. Mwanzo 2:18 inamwita mwanamke “msaidizi wa kufanana naye.” Tunaposema katibu msaidizi au mwalimu msaidizi tunataja cheo cha chini, na wengi husoma cheo hicho ndani ya Mwanzo. Neno ni ezer, namba 5828, na ukiifuata orodha yake utamkuta Mungu mwenyewe akiitwa hivyo katika Kutoka 18:4, Zaburi 33:20 na Zaburi 121:2. Basi cheo cha chini hakimo ndani ya neno hilo. Lakini na anayesema kwamba ezer linathibitisha mwanamke yuko juu ya mwanamume naye amelibebesha neno mzigo usio wake, maana katika Isaya 30:5 linatumika kwa msaada wa Misri usiofaa kitu. Maneno “wa kufanana naye,” ambayo kwa Kiebrania yana picha ya mtu anayesimama mbele yako uso kwa uso, ndiyo yanayoeleza uhusiano wao.

Pale Agano Jipya linaponukuu

Hatua ya mwisho huhitajika pale tu andiko lako limenukuliwa katika Agano Jipya, ambalo mara nyingi hufuata tafsiri ya Kigiriki iliyoanza kufanyika Aleksandria karne ya tatu kabla ya Kristo. Hosea 6:6 inasema, “Nataka fadhili wala si sadaka,” na Mathayo 9:13 inasema, “Nataka rehema, wala si sadaka.” Neno la Hosea ni hesed, lilelile linalorudiwa mara 26 katika Zaburi ya 136, lenye maana ya wema wa uaminifu unaodumu kati ya watu waliofungamana. Kigiriki kilichagua neno la huruma, na Kiswahili kimefuata kila upande kwa uaminifu. Ukisoma Mathayo peke yake utaona huruma kwa wenye dhambi, jambo ambalo ndilo Yesu alilokuwa akilitetea mezani. Ukirudi kwa Hosea utaona pia malalamiko juu ya hesed ya Israeli inayotoweka kama wingu la asubuhi.

Isaya 7:14 inahitaji subira zaidi. Neno la Isaya ni alma, msichana aliyefikia umri wa kuolewa. Rebeka anaitwa hivyo katika Mwanzo 24:43, ingawa katika 24:16 ameitwa betula, neno linalotumika zaidi kwa bikira. Dada yake Musa naye ni alma katika Kutoka 2:8. Tafsiri ya Kigiriki iliandika parthenos, bikira, na Mathayo 1:23 akalitumia. Ushauri wangu ni kuuliza maswali mawili na kuyatenganisha: Isaya alikuwa akimpa Mfalme Ahazi ishara gani wakati Shamu (Siria) na Efraimu (ufalme wa kaskazini wa Israeli) walipomtishia, na Mathayo alisomaje maneno hayo baada ya kuzaliwa kwa Yesu. Imani ya kuzaliwa na bikira imeelezwa na Mathayo na Luka kwa maneno yao wenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kuilazimisha alma iseme zaidi ya inavyosema, wala ya kumshutumu Mathayo kwa kufuata Biblia ya Kigiriki iliyokuwa ikitumiwa na Wayahudi wengi. Ukifundisha sura hiyo, wasomee watu Isaya 7 nzima kwanza, mpaka mstari wa 16 unaozungumzia nchi ya wafalme wale wawili itakayoachwa, ndipo ufungue Mathayo.